Nyaya ghali, wembe wa Papa na fainali gizani: shajara ya sinema ya sebuleni, Lubumbashi

Naandika hapa kila hatua inapoisha, ili anayetaka kufunga sinema nyumbani kwake asitupe makuta pale nilipoyatupa mimi. Nyumba iko Bel-Air. Sebule ni mita 6.5 kwa 4.2, dari ni la mbao na juu yake bati. Mimi si fundi wa umeme, kazi yangu ni makaratasi ya malori yanayopita mpaka wa Kasumbalesa. Papa, yaani baba yangu, ambaye atatajwa sana humu, alifanya kazi miaka 31 kwenye mabwawa ya elektrolisi ya shaba kule Shituru, Likasi, na shaba anaijua kwa harufu. Bei zote ni kwa dola.

4 Mei 2024: Ununuzi

Vifaa vyote ni vya mtumba, vilipita Dubai: projekta ya 4K (picha yenye nukta nyingi sana) dola 620, ampli (kikuza sauti) ya njia tano dola 210, spika tano (sisi huku twaziita bafle) za ohm 8 pamoja na sabufa (bafle ya besi) dola 260. Skrini ni kitambaa cheupe kwenye fremu ya mbao, dola 38. Vyote viliwaka siku ya kwanza, kwa hiyo sina la kusimulia.

Kisa kinaanzia kwenye nyaya. Muuzaji wa duka moja la mjini alinivutia kiti, akaagiza soda, kisha akaniambia: "Mukubwa, ampli nzuri na waya wa sokoni ni sawa na bwana harusi aliyevaa suti na kandambili." Nikacheka. Mtu akishacheka dukani, pochi imeshafunguka. Nikatoka na hivi:

- kebo ya HDMI (inayobeba picha na sauti) mita 12, ya kwenda kwenye projekta: 85
- kebo ya HDMI mita 2, ya dekoda: 45
- waya wa bafle mita 30, "shaba safi isiyo na oksijeni": 90
- waya wa sabufa mita 8: 35

Jumla 255. Nyaya zimeizidi bei ampli yenyewe, na hilo nililiona nikiwa tayari ndani ya teksi.

Jioni Papa aliichukua risiti, akavaa miwani. "Shaba isiyo na oksijeni," alisoma polepole. "Sisi Shituru shaba tulikuwa tunaitoa kwa tani. Wewe umeletewa kutoka ng'ambo kwa mita, na kila mita umelipa dola tatu." Akaibana risiti chini ya kikombe cha chai, akaniuliza habari za watoto.

11 Mei 2024: Wembe

Leo nilikuwa nianze kutandaza waya wa bafle. Papa akaniomba kipande kwanza. Alimenya plastiki sentimita kumi, akachagua unywele mmoja, akaulaza juu ya kucha ya kidole gumba, akaukwangua kwa wembe taratibu kama anayemnyoa mtoto mchanga. Wekundu ukatoka kama vumbi. Chini yake ukabaki weupe unaong'aa.

"Aluminiamu," alisema. "Shaba hapa ni poda ya usoni tu. Huyu mtu amekuuzia bongo." Bongo huku kwetu ni uongo, msomaji wa Dar asije akadhani nimenunua akili.

Mimi bado nilikuwa namtetea muuzaji, labda kwa sababu ya ile soda. Basi tukapima. Waya uliandikwa milimita 2.5 za mraba. Mita moja ya jozi ni sentimita 5 za ujazo za chuma. Shaba ina uzito wa gramu 8.96 kwa sentimita ya ujazo, kwa hiyo mita moja iliyomenywa yote ilitakiwa ifike gramu 45 hivi. Tuliimenya, tukaikunja, tukaiweka kwenye mizani ya jikoni ya jirani: gramu 17. Tukaiondoa, tukairudisha: 17. Kipande cha waya wa kawaida wa umeme wa nyumba, wa unene uleule, kilisoma 43.

Sasa kuna jambo ambalo lilimkera Papa kuliko wizi wenyewe. Tulipopiga hesabu ya ukinzani (jinsi waya unavyouzuia umeme, kwa ohm), huo waya wa bandia haukuwa na kosa kubwa kwa sauti. Bafle zangu za nyuma ziko mita 9 kutoka kwenye ampli, kwenda na kurudi 18. Shaba ya 2.5 inatoa ohm 0.12 hivi. Aluminiamu iliyopakwa shaba inapitisha umeme takriban asilimia 65 ya shaba, kwa hiyo inatoa ohm 0.19. Mbele ya bafle ya ohm 8, tofauti ya hizo mbili haifiki desibeli 0.1. Hakuna sikio sebuleni kwangu litakalosikia hilo.

Na ile "isiyo na oksijeni"? Shaba ya kawaida ya nyaya za umeme inakuwa safi kwa asilimia 99.9 na zaidi, nayo inafikia asilimia 100 ya kipimo cha kimataifa cha shaba kupitisha umeme, kilichowekwa mwaka 1913. Isiyo na oksijeni inafika 101. Kwenye waya wa mita 9, hiyo asilimia moja ni sawa na kuukata waya sentimita 9. Papa alipenda sana hesabu hii. Alimpigia simu mwenzake wa zamani Likasi amsomee.

Kwa nini basi niliuweka pembeni? Kwa sababu ya skrubu. Nilipoukaza nyuma ya ampli, nywele saba zilikatika. Aluminiamu ni laini na haipendi kukunjwakunjwa, halafu ikishapata kutu yake nyeupe pale inapobanwa, mguso unakuwa mbaya mwaka hadi mwaka. Hilo ndilo litakalokuletea mikwaruzo siku moja, wala haina uhusiano na usafi wa sauti aliouhubiri muuzaji.

Nimenunua waya laini wa umeme wa milimita 2.5, wa shaba, mita 60 za uzi mmojammoja kwa senti 55 kila mita: dola 33. Nyuzi mbili unazifunga getini, ncha ya pili unaibana kwenye dirili, unazungusha polepole, unapata jozi iliyosokotwa vizuri.

Kosa langu: nyuzi zote nilinunua nyeusi. Usiku ule besi ilinywea kama maziwa yaliyotiwa maji, na sauti ya mtangazaji haikujulikana inatoka wapi. Nikaanza kuulaumu waya wa bei rahisi. Mpwa wangu, anayepiga gita kanisani, akaniambia, "Mjomba, bafle mbili zinavutana, moja inasukuma na nyingine inarudi nyuma." Bafle ya kushoto nilikuwa nimeigeuza, chanya kwa hasi. Kama nawe umekosea, chukua betri ya volti 1.5, chomoa waya kwenye ampli, gusisha ncha zake kwa sekunde moja: chanya ikiwa kwenye chanya, koni inatoka mbele. Nimefunga utepe mwekundu kila ncha. Tofauti uliyoileta utepe huo inasikika hadi jikoni.

19 Mei 2024: Jaribio la kwanza, limekufa

Mwenzangu wa kazini hakukubaliana na hesabu zetu. Ana nyaya za bafle alizonunua Brussels kwa euro 240, mita 3 kila moja, nene kama mkia wa ng'ombe, ncha za dhahabu. Papa alizikwangua (kwa ruhusa): shaba halali. Akaniazima Jumapili moja.

Tulifanya hivi. Pazia mbele ya ampli. Mpwa nyuma ya pazia anarusha sarafu: upande huu anafunga waya wa Brussels, upande ule waya wa dola 33 uliokatwa urefu huohuo. Mimi nasikiliza kipande kilekile cha rumba, sekunde 40, naandika A au B. Mara 16.

Nilipata 13. Sarafu peke yake ingekupa 12 au zaidi katika 16 kama mara 4 tu katika majaribio 100, kwa hiyo 13 si bahati ya kawaida. Nilimwangalia Papa kwa huruma kidogo. Mwenzangu alikuwa ameshasimama anadai soda.

Mama watoto ndiye aliyeliua jaribio. Yeye alikuwa akitwanga sombe (majani ya muhogo) barazani, na kupitia dirisha alimwona mpwa. "Ule mnene anauchomeka mara moja, ta! Huu mwingine anakaza skrubu mpaka nachoka kumtazama." Ndivyo ilivyokuwa. Waya wa Brussels una ncha za kuchomeka, wangu ni uzi mtupu. Kimya kikiwa kirefu, masikio yangu yalishajua jibu kabla muziki haujaanza, na mimi naapa sikujua kwamba najua. Ningekuwa peke yangu nyumbani, leo ningekuwa naandika kwamba waya ghali una "uwazi zaidi juu".

1 Juni 2024: Jaribio la pili

Marekebisho ni matatu. Waya wangu nao umewekewa ncha za kuchomeka (dola 5 kwa nane). Mpwa anachomoa na kuchomeka kila raundi, hata sarafu ikisema abaki palepale. Na radio ndogo inalia wakati anabadilisha.

Tulipima pia volti kwenye bafle, mlio wa hezi 100, kila waya kwa zamu: 2.83 na 2.83. Tumia mlio wa chini, maana mita ya volti ya bei rahisi huanza kudanganya mlio unapopanda.

Mimi: 9 kati ya 16. Mama watoto: 7. Mpwa mwenyewe, tulipobadilishana zamu: 8. Mwenzangu alikataa kufunga macho, akasema masikio yake yamechoka na safari. Nyaya zake nimemrudishia zikiwa nzima.

15 Juni 2024: HDMI fupi

Hii nilitegemea imalizike kwa nusu saa. Kebo ya dola 45 upande mmoja, kebo ya dola 4 ya soko la Kenya (mtaa wa hapahapa Lubumbashi) upande wa pili, zote mita 2, dekoda na projekta.

Ndani ya HDMI zinapita biti, sifuri na moja. Ukimtumia shemeji dola 50 kwa simu zinafika 50, iwe umetuma kwa simu ya kitochi au kwa simu ya dola 900. Mtandao ukiwa mbovu, hapokei dola 50 zilizofifia rangi: muamala unakwama. Picha ya HDMI nayo iko hivyo. Ikiwa biti zinafika, picha ni ileile. Zikianza kupotea unaona vimetameta vyeupe kama mchele uliomwagika, mistari, au giza tupu. Kebo haina namna ya kuongeza weusi wa usiku au wekundu wa nyanya.

Nilikuwa najua hayo yote, na bado niliona kwa macho yangu mawili kwamba kebo ya dola 45 ina weusi mzito zaidi! Watoto wakaona. Papa akaona, akanyamaza. Tulikaa nayo siku mbili nzima, na nilianza kuandika aya ya kumwomba radhi muuzaji.

Dawa ilikuwa kubadilishana matundu. Kebo ya dola 4 ilipohamia tundu la HDMI 1, weusi mzito ukahamia kwake. Projekta inatunza mipangilio ya kila tundu peke yake: HDMI 1 ilikuwa kwenye "sinema", HDMI 2 imebaki kwenye mpangilio wa mwangaza mkali wa dukani. Siku zote jaribu kebo mbili kwenye tundu lilelile. Na sauti iliyokuwa inatoka bafle mbili tu badala ya tano? Dekoda ilikuwa imepangwa kutoa stereo. Menyu, mara mbili kubonyeza, imekwisha.

6 Julai 2024: Mngurumo

Tangu Mei sabufa ilikuwa na mngurumo mdogo. Kiangazi kilivyokolea nao ukakua, hadi ukifunga muziki unasikia kama lori limeegeshwa nje injini ikiwaka. Mpwa alisikiliza akasema, "Hiyo ni sol, Mjomba, ila imepanda kidogo." Sol ya chini, ile noti ya muziki, ni hezi 49. Umeme wetu ni hezi 50. Kijana ana sikio, na sikio lake ndilo lililotuonyesha mwizi: mngurumo ulitoka kwenye umeme wa nyumba.

Kwanza nilifanya kosa la mwenye pesa. Niliuchomoa waya wa sabufa wa dola 35, nikaazima kwa mtu mwingine wa dola 60, wenye kinga mbili za shaba. Mngurumo uleule, haukupungua hata kidogo.

Kosa la pili ni baya zaidi, na naliandika kwa herufi zote. Rafiki mmoja alinishauri niichomeke sabufa kwa adapta isiyo na waya wa ardhi. Nikafanya. Kimya kabisa! Nikajisifu. Siku ya tatu nilikuwa nimechomoa HDMI ya projekta ili nisafishe lenzi, mama watoto akapiga deki pekupeku, akaegemea bamba la nyuma la sabufa. Alirusha tambara. "Kuna siafu humu," alisema, akijishika mkono. Hawakuwa siafu. Ampli yangu haina pini ya ardhi, sabufa nimeinyima yake, na ile HDMI niliyoichomoa ndiyo ilikuwa njia pekee ya ardhi iliyobaki. Adapta nimeivunja kwa nyundo watoto wakiona. Usimwondolee mtu ardhi ili upate kimya.

Ugonjwa wenyewe ni huu. Nyumba yetu iliongezwa vyumba miaka ya nyuma, na aliyeongeza alichimbia nondo yake mwenyewe ya ardhi, mita kumi kutoka ile ya zamani. Sabufa inakula umeme wa ukumbi, yaani nondo ya zamani. Projekta inakula umeme wa dari, nondo mpya. Udongo mwekundu wa hapa ukikauka, kila nondo inakuwa na volti yake ndogo, na tofauti ya hizo mbili inapita kwenye kinga ya HDMI, kwenye ampli, kwenye kinga ya waya wa sabufa, hadi inafika kwenye bafle ikiwa sol. Kinga nene ya dola 60 haiifungi njia hiyo. Fundi wa umeme alimwaga ndoo mbili za maji kwenye nondo ya zamani, mngurumo ukashuka tukiwa tumesimama palepale.

Tiba: nondo mbili zimeunganishwa kwa waya mnene wa kijani na njano (dola 18, fundi dola 10), na sabufa, ampli na dekoda zote zinakula kwenye ralonji (waya wa kuongezea umeme) moja yenye ardhi, dola 7. Kimya. Waya wa sabufa wa dola 35 unaendelea na kazi yake, hauna kosa. Wa dola 3 ungeifanya vilevile.

14 Julai 2024, saa sita usiku: Fainali

Fainali ya Ulaya, Hispania na Uingereza, saa tatu usiku kwa saa za kwetu. Wageni 11, mahindi ya kuchoma, umeme upo na delestaji (mgao wa umeme) haijatufikia. Mchana, ili niwakoge majirani, niliingia kwenye menyu ya ampli nikawasha kipengele cha kupandisha kila picha hadi 4K ya mara 60 kwa sekunde.

Kipindi cha kwanza, vimetameta viwili vitatu kwenye nyasi. Kipindi cha pili, mchele. Uingereza wanasawazisha dakika ya 73, picha inakatika sekunde mbili na kurudi. Dakika ya 86 skrini ikawa nyeusi, na mtangazaji akapiga kelele, na nyumba ya jirani ikapiga kelele, na sisi watu 12 tukatazamana gizani tukiulizana ni nani. Oyarzabal. Nilimwona baadaye kwenye simu.

Mtangazaji hakukatika hata neno moja. Sauti inaishia kwenye ampli kupitia kebo fupi, ile ya dola 4. Kilichokufa ni picha peke yake, inayotoka kwenye ampli kwenda projekta kupitia mita 12 za dola 85.

Nilizima kile kipengele, picha ikarudi ikiwa imetulia tuli, kwa wakati wa kuona kombe likikabidhiwa. Hesabu yake nimeifanya usiku huuhuu, usingizi umenipaa. Picha ya 1080 (nukta chache kuliko 4K) ya mara 60 inahitaji biti bilioni 4.46 kila sekunde. 4K ya mara 24, ambayo ndiyo ya filamu nyingi, ni bilioni 8.91. 4K ya mara 60, rangi kamili, ni bilioni 17.82. Kebo yangu ilibeba mzigo wa kwanza na wa pili miezi miwili bila kulalamika, kwa wa tatu ikapiga magoti. Shaba nyembamba inapoteza mawimbi ya kasi kadiri inavyorefuka, na mita 12 ni mbali mno. Hapa ndipo mahali pa kwanza katika shajara hii yote ambapo kebo imebadilisha kitu kwenye picha, na ile iliyoshindwa ndiyo HDMI ghali kuliko zote.

Sanduku lake limeandikwa "8K" kwa wino wa dhahabu. Halina lebo ya uthibitisho. Kebo zilizopimwa kwa biti bilioni 18 au 48 zina stika yenye msimbo wa kuskani, na zile za 48 zilizo za shaba tupu nyingi hazizidi mita 5 hivi. Mtu akikuuzia ya mita 12 ya "8K" ya shaba, mwombe akuonyeshe stika hiyo.

27 Julai 2024: Kebo ya nyuzi za kioo

Ningeweza kuishia pale, maana filamu zilikuwa zinakwenda vizuri. Ila mashine ya michezo ya watoto inatoa mara 60, na zaidi ya hapo nilikuwa na aibu. Nimeagiza kwa mfanyabiashara anayekwenda Dubai kebo ya HDMI yenye nyuzi za kioo ndani, mita 15, yenye stika: dola 52 hadi mlangoni. Ni nyembamba kuliko kalamu, na ya bei rahisi kuliko ile nene iliyoshindwa.

Bomba la dari ni la milimita 25. Kichwa cha kebo kilikwama kwenye kona. Nilivuta kwa nguvu kidogo, nikasikia mlio, moyo ukasimama. Ilikuwa plastiki ya bomba. Nilikata kona ile ya digrii 90 nikaweka mbili za 45 (dola 2). Kamba ya kuvutia funga kwenye mwili wa kebo, sentimita 20 nyuma ya kichwa, kwa utepe mrefu, kichwa chenyewe kisibebe uzito. Na usiikunje kama waya wa pasi, mle ndani ni kioo.

Saa tano asubuhi kebo yote ilikuwa ndani, dari limefungwa, nimeoga. Nikawasha. Giza.

Nilibadilisha matundu. Giza. Nilirudia menyu zote. Papa alikuwa amekaa na magazeti yake, akainua kichwa cha kebo kilichoning'inia nyuma ya ampli, akakisogeza mbali na miwani. "Hapa wameandika kitu kidogo. *Display*." Kebo hizi zina mwelekeo: ncha moja ina taa ya kutuma, nyingine ina jicho la kupokea. Mimi nilikuwa nimepeleka ncha ya chanzo kwenye projekta na ncha ya skrini kwenye ampli. Nikafungua dari upya. Kuitoa, kuigeuza na kuirudisha: saa mbili na nusu, na bukari (ugali) imepoa.

Anayenifuata: unganisha kebo sakafuni kwanza, iwashe, iache dakika kumi kwenye 4K ya mara 60, ndipo uiingize kwenye bomba. Na usitegemee kwamba kioo kitakuondolea mngurumo, ndani ya nyingi kati yake bado kuna nyuzi nyembamba za shaba kwa mawasiliano madogo, na ardhi inapita humo.

Jioni: 4K ya mara 60, saa tatu mfululizo, hakuna punje ya mchele.

1 Agosti 2024: Siku ya Wazazi, na hesabu

Asubuhi makaburini kufyeka na kusalimia wetu waliotangulia, mchana bukari na samaki kwa Papa na Mama, jioni sinema.

Nyaya zinazofanya kazi leo, ukiacha ule wa sabufa: waya wa bafle 33, ncha zake 5, HDMI fupi 4, HDMI ya kioo 52, kona za bomba 2, ralonji 7, kuunganisha nondo 28. Jumla 131. Nyaya za siku ya kwanza ziligharimu 255, na kati ya hizo unaotumika ni wa sabufa peke yake. HDMI ya dola 45 nimemuuzia shemeji kwa 5, nikimweleza ukweli wote. Ile ya mita 12 imekunjwa juu ya kabati. Muuzaji alikataa kurudisha pesa, akasema waya ukishamenywa ni mke aliyeolewa.

Iliyobaki: sabufa sasa haina mngurumo, kwa hiyo nasikia bati linavyotetemeka juu ya dari kila mlipuko unapopita kwenye filamu. Wiki ijayo napanda na misumari na mpira wa tairi kuukuu.

Mita 29 za ule waya wa dola 90 Mama amezichukua. Ameona haushiki kutu nyekundu na unakunjika kwa vidole, amefungia nyanya zake zote nyuma ya jiko, mche kwa mche. Papa alipita kuzikagua akiwa na fimbo. "Nyanya za dola tatu kwa mita," alisema, akachuma moja.